Shule Imefungwa, Wahitimu Wamebaki: Barua za Wasomaji na Majibu Yake

Katika toleo lililopita tulichapa barua fupi ya msomaji aliyepita mbele ya shule ya Kikatoliki aliyosoma utotoni, akakuta lango limefungwa kwa mnyororo na kibao cha jina kimeng'olewa, akabaki akijiuliza kama bado ana haki ya kujiita mhitimu wa mahali pasipokuwapo tena. Barua hiyo iliwagusa wengi. Nimejibu sita kati ya barua zilizofika baada yake, na nimeondoa majina ya watu na ya shule, kwa sababu jambo lenyewe ni lile lile popote shule ya namna hiyo ilipofungwa.

Chama kisichopata wanachama wapya

*Mimi ni katibu wa chama cha wahitimu wa shule iliyofungwa miaka kumi na minne iliyopita. Katika mkutano mkuu wa mwaka huu mjumbe mmoja alisimama akasema kwamba chama kisichopokea wahitimu wapya ni sawa na kisima kilichokaukiwa chemchemi, na kwamba ni heri tukivunje sasa kwa heshima kuliko kukiacha kife polepole. Wengi walimwunga mkono, nami nilikosa jibu.*

Ndugu Katibu, mjumbe wenu anastahili kusikilizwa, kwa kuwa amesema jambo ambalo vyama vingi hulikwepa: hakuna darasa jingine litakalohitimu, na kwa hiyo iko siku mwanachama wa mwisho atazikwa. Nisingemkana. Ningemwambia kwamba chama cha shule iliyo hai kinaweza kulegea mwaka mzima pasipo hasara kubwa, maana shule ina ofisi, ina mwalimu mkuu na ina rejista zake kabatini, ilhali shule iliyofungwa mara nyingi haina mtu mwingine wa kuulizwa. Mtu mzima anapotafuta wa kuthibitisha kwamba alisoma hapo, mjukuu anapotaka kujua bibi yake alikuwa msichana wa namna gani, au familia ya mwalimu aliyefariki inapotafuta watu wa kueleza kazi yake, mlango wa kubisha hodi ni wenu.

Inafaa pia kukumbuka jinsi vyama hivi vilivyoanza. Tarehe 24 Juni 1870 wanafunzi wachache wa zamani wa Don Bosco, padre Mwitalia aliyewalea vijana maskini na kuanzisha shirika la Wasalesiani, wakiongozwa na Carlo Gastini, walirudi kwake mjini Turin kumpongeza kwa sikukuu yake, wakiwa wamebeba zawadi ya vikombe vya kahawa. Ilikuwa zawadi ndogo ya vijana waliokuwa wanaanza kujitegemea, na kutokana na ziara hiyo umekua umoja wa wanafunzi wa zamani wa Wasalesiani ulioenea katika nchi nyingi za dunia. Navipenda vikombe hivyo kwa sababu vinaonyesha kilichowarudisha vijana wale: alikuwa mtu aliyewalea, aliye hai, anayekunywa kahawa. Karibu miaka mia moja baadaye, katika Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kuhusu malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, Mababa wa Mtaguso waliwahimiza walimu waendelee kuwasaidia wanafunzi hata baada ya kuhitimu, kwa ushauri, kwa urafiki, na kwa kuanzisha vyama maalumu vyenye roho halisi ya Kanisa. Hapo vyama vya wahitimu vimetajwa pamoja na malezi na urafiki, wala majengo hayatajwi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msikivunje chama, ila mkiendeshe kama watu wanaojua kuwa kina mwisho. Kanuni ya 326 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inasema kwamba mali ya chama binafsi cha waamini, yaani kile walichokiunda wenyewe kwa makubaliano yao, kinachokoma itapangwa kwa mujibu wa katiba yake, pasipo kuvunja haki zilizokwisha kupatikana wala nia ya wafadhili. Basi andikeni katika katiba, mngali wengi na wenye nguvu, ni nani atakayepokea kumbukumbu, ni nani atakayepokea fedha, na wanachama hai wakibaki wangapi mtaanza kukabidhi. Wakati huohuo, fungueni uanachama kwa waliokuwa walimu, wapishi, walinzi na wahudumu wa shule. Huniuma kuona chama kinachomkaribisha mwanafunzi aliyekaa muhula mmoja na kumwacha nje mpishi aliyekaa miaka thelathini.

Masanduku manne

*Shule ilipofungwa vitu vyake viligawanywa harakaharaka. Mimi nina masanduku manne nyumbani, yenye picha za madarasa, rejista za mahudhurio, magazeti ya shule na vikombe vya michezo. Mwenzangu ana kengele ya mkono iliyokuwa ikigongwa kila asubuhi. Tunataka kuvihifadhi lakini hatuna jengo wala fedha. Tuanzie wapi?*

Anzeni na picha, na katika picha anzeni na majina. Karatasi iliyotunzwa vizuri inaweza kudumu miaka mia, lakini mtu anayezijua nyuso anaweza kuondoka wiki ijayo. Niliwahi kuketi na mhitimu mmoja mwenye umri mkubwa, mbele yake picha ya darasa zima, wasichana wenye sare nyeupe katika safu nne kwenye ngazi za kanisa. Kwa muda wa saa nzima alisogeza kidole polepole kutoka uso hadi uso, akitaja jina, na mara nyingine jina la utani, mpaka alipofika mwisho wa safu ya tatu, kwa msichana aliyegeuza kichwa wakati picha inapigwa. Hapo alinyamaza. Kisha akasema, "Huyu ndiye aliyekuwa akinisaidia hesabu," lakini jina halikumjia, na wenzake ambao pengine wangelijua walikuwa wamekwisha kufariki. Picha hiyo leo ina majina yote isipokuwa lile moja.

Majina yaandikwe kwa penseli laini pembezoni mwa upande wa nyuma, au kwenye karatasi ya pembeni inayoonyesha safu na nafasi ya kila mtu, wala msitumie kalamu ya wino au lebo zenye gundi. Ondoeni pini na vibanio vya chuma, maana hupata kutu na kuila karatasi. Kilichochanika kisiungwe kwa selotepu, na mtu asithubutu kupitisha picha au hati kwenye laminesheni, kwa kuwa plastiki ile ikishashika haitoki bila kuharibu. Mifuko ya plastiki ya PVC nayo hutoa kemikali zinazodhuru picha. Bahasha za karatasi isiyo na asidi, au mifuko ya poliesta, ni salama zaidi. Masanduku yasikae sakafuni wala darini, bali katika chumba ambacho joto na unyevu havipandi na kushuka sana.

Mkipata skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa kurasa zilizoandikwa, na 600 kwa picha ndogo. Faili kuu ziwekwe katika muundo wa TIFF, kisha mtengeneze nakala nyepesi za JPEG kwa ajili ya kutumiana. Wekeni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mbali na nyingine, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasichukue kila kitu. Baada ya hayo yote msitupe karatasi zenyewe.

Rejista za mahudhurio na za matokeo ni jambo jingine kabisa, nami naomba mlichukulie kwa uzito. Kwa kawaida ni mali ya aliyekuwa mwenye shule, yaani jimbo, parokia au shirika la watawa, na ndani yake mna habari za watu ambao wengi wangali hai: aliyekariri darasa, aliyesimamishwa, ambaye baba yake hakuandikwa. Msizipige picha na kuzisambaza. Kanuni ya 486 inataka hati zinazohusu jimbo na parokia zilindwe kwa uangalifu mkubwa, na kwa sababu hiyo kila jimbo linatakiwa kuwa na hifadhi ya kumbukumbu zake. Wasilianeni na ofisi ya jimbo au makao ya shirika, mkabidhi rejista kwa orodha iliyotiwa saini na pande zote mbili, na katika hati hiyohiyo muandike kwamba mhitimu anayehitaji uthibitisho wa masomo yake ataelekezwa wapi. Vikombe vya michezo vinaweza kupigwa picha, kisha vichache vikabaki na chama na vingine vikaenda kwa familia za waliovishindania.

Kengele msiifungie kabatini. Igongwe kila mnapokutana, na mrekodi sauti yake. Simu hiyohiyo ya kurekodia ipelekeni kwa masista, mabruda na walimu wenu waliozeeka, wakiwa bado wanaweza kusimulia. Waulizeni maswali yenye nafasi ya hadithi, kama vile "Siku ya kwanza ulifikaje shuleni?", kisha mnyamaze muwasikilize.

Neno "Katoliki" katika jina la chama

*Tunataka kusajili chama chetu kwa jina la shule pamoja na neno Katoliki, na kutumia nembo ya shule. Mmoja wetu anadai ni lazima tupate ridhaa ya Askofu. Je, ni kweli?*

Kwa neno Katoliki, ni kweli. Kanuni ya 300 inakataza chama chochote kujiita cha Kikatoliki pasipo ridhaa ya mamlaka halali ya Kanisa. Kanuni ya 299 inawapa waamini uhuru wa kuunda vyama kwa makubaliano yao wenyewe, kwa hiyo hamhitaji kuomba ruhusa ya kukutana. Mnachoomba ni jina. Nembo na jina la shule ni suala la aliyekuwa mwenye shule na la sheria za nchi. Mwandikieni barua, mkieleza wazi kama mtaitumia kwenye barua za chama tu au pia kwenye fulana za kuuza, na jibu lake mlitunze.

Fedha za karo zilizobaki benki

*Mimi ni mweka hazina. Mfuko wetu wa ufadhili ulikusanywa kwa ajili ya kulipia karo watoto wasiojiweza wa shule yetu. Shule haipo na fedha zipo. Kamati imegawanyika: wengine wanataka zigharimie sherehe ya jubilei, wengine wanataka tujenge mnara wa kumbukumbu.*

Ndugu Mweka Hazina, nakusihi usitie saini hundi ya sherehe. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka iliyotolewa na waamini kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu, na kanuni ya 1300 inataka nia ya mtoaji kwa ajili ya kazi za Mungu, ikishapokelewa kihalali, itimizwe kwa bidii kubwa. Msije mkadhani kwamba chama binafsi kimeepuka wajibu huo, kwa maana kanuni ya 325, pamoja na kukipa chama uhuru wa kusimamia mali yake, inaiweka chini ya mamlaka ya jimbo mali yote iliyotolewa au kurithishwa kwa ajili ya kazi hizo. Sheria za nchi kuhusu mali ya amana nazo zina neno lake, hivyo mwanasheria aisome katiba yenu kabla ya kura yoyote.

Chukueni daftari la michango tangu mwanzo, jina kwa jina. Walio hai waandikieni na kuwauliza. Waliofariki, tafuteni barua walizoambatanisha na michango yao, kwa sababu mara nyingi zina maneno machache yanayotosha, kama vile "kwa ajili ya mtoto mmoja asifukuzwe". Aliyeandika hivyo, huku akitoa kiasi kidogo kila mwezi kutoka katika pensheni yake, alikuwa na sura ya mtoto mbele ya macho yake, na mtoto wa namna hiyo yuko hata leo katika shule nyingine ya Kikatoliki, akisubiri kuitwa ofisini kwa sababu ya karo. Nia iliyo karibu zaidi na ile ya kwanza ni kumlipia yeye, na wa kwanza kufikiriwa wawe wale ambao masomo yao yalikatizwa na kufungwa kwa shule yenu. Kama sehemu ya fedha hizo ilitokana na wosia, kubadilisha matumizi yake kuna masharti yaliyowekwa na kanuni ya 1310, wala hakumalizwi kwa kunyoosha mikono mkutanoni.

Jubilei na mnara vichangieni upya, kila anayetoa akijua anachotolea. Mimi binafsi ningemchagua mtoto kabla ya mnara, lakini mnara uliojengwa kwa fedha zake wenyewe hauna kosa.

Sura ya mwisho ya kitabu cha historia

*Kamati yetu inaandika kijitabu cha historia ya shule. Wengine wanataka sura ya mwisho imtaje paroko wa wakati ule kuwa ndiye aliyeiua shule. Wengine wanataka sura hiyo isiwepo kabisa, ili kijitabu kiishie kwenye jubilei ya miaka hamsini.*

Sura hiyo iwepo, na iandikwe na watu walio tayari kusoma vitabu vya hesabu. Shule ya namna hii mara chache hufa kwa sababu ya mtu aliyetia saini. Tazameni Marekani, ambako jambo hili limeandikwa sana. Mwaka 1884 Mtaguso wa Tatu wa Baltimore, mkutano wa maaskofu wa nchi hiyo, uliagiza kila parokia iwe na shule yake, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 shule za Kikatoliki za nchi hiyo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya milioni 5. Zilisimama kwa kiasi kikubwa juu ya mabega ya masista waliofundisha kwa posho ndogo sana. Mwaka 1965 masista wa Marekani walikuwa karibu 180,000. Leo hawafiki 40,000. Mahali pa sista alipoingia mwalimu mlei, asiye mtawa wala padre, mwenye watoto wa kulisha, alistahili mshahara kamili, na mshahara huo ukapandisha karo. Karo ilipopanda, wazazi wa kipato kidogo waliwahamisha watoto. Watoto walipopungua, paa, mabomba na bili za umeme havikupungua. Ongezeni familia zilizohama na uzazi uliopungua, mtaona kwamba barua ya kufunga shule ilianza kuandikwa miaka mingi kabla ya paroko yule kufika.

Huenda shule yenu ilikuwa na sababu zake nyingine, na ndiyo maana nawaomba muweke jedwali: mwaka kwa mwaka, wanafunzi wangapi, walimu watawa wangapi, walei wangapi, karo kiasi gani, deni kiasi gani. Kisha nendeni kwa paroko huyo, kama yu hai, mkamsomee mlichoandika kabla hakijachapwa. Hata hivyo msifiche makosa ya namna shule ilivyofungwa. Ikiwa wazazi walipewa taarifa kwa karatasi ya ukurasa mmoja mwishoni mwa muhula, wakati shule nyingine zimekwisha kujaza nafasi zao, andikeni hivyohivyo, kwa kuwa uchungu mwingi unaowagombanisha leo ulianzia kwenye karatasi ile.

Picha ukutani

*Nimesita sana kuandika. Wenzangu wanapoimba wimbo wa shule mimi hutetemeka. Nikiwa mtoto, mmoja wa watawa waliotufundisha alinitendea vibaya, na nilipomweleza mkuu wa shule niliambiwa ninyamaze. Sasa chama kinataka kuitundika picha yake ukumbini pamoja na za waasisi. Nikisema, je, nitakuwa nimeharibu urithi wa shule?*

Mpendwa msomaji, ninakuamini, na nasikitika kwamba umebeba jambo hili peke yako kwa muda wote huu. Walioharibu ni aliyekutendea na aliyekunyamazisha. Huna deni la ukimya kwa shule, kwa chama, wala kwa Kanisa. Katika barua yake ya kisheria *Vos estis lux mundi* ya mwaka 2019, iliyofanywa kuwa sheria ya kudumu mwaka 2023, Papa Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia iliyo wazi ya kupokea taarifa za unyanyasaji unaofanywa na makleri (maaskofu, mapadre na mashemasi) na watawa, na akakataza mtoa taarifa kuwekewa sharti la kunyamaza. Kufungwa kwa shule hakuondoi wajibu huo, maana jimbo lipo na shirika lipo. Unaweza pia kwenda polisi au kwa mwanasheria bila kupitia kwa mtu yeyote wa Kanisa, na ningependa usiende peke yako. Mchukue ndugu au rafiki unayemwamini.

Kwa kamati za vyama nina neno moja hapahapa. Mwanachama akileta habari kama hii, picha ishushwe siku hiyohiyo wakati suala linashughulikiwa, asikilizwe faraghani na watu wawili tu, asilazimishwe kurudia simulizi yake mbele ya mkutano, na asiombwe afikirie jina la shule. Tena, kabla ya kutoa jina la mtu yeyote kwa ukumbi, tuzo au mfuko, waulizeni kwanza waliokuwa wanafunzi wake, na muwape njia ya kujibu kwa siri.

Kuhusu wimbo wa shule, si lazima uuimbe wala uwepo unapoimbwa. Wapo wahitimu ambao urithi walioondoka nao ni rafiki mmoja wa bwenini, au sista mmoja aliyewapa kitabu, na hicho tu ndicho wanachokitunza. Ukipenda kuniandikia tena, andika juu ya bahasha neno "faragha". Nitaisoma mwenyewe, na haitachapwa.